Umesahau Kufunga, Rudia

Naanza kwa kukiri kwamba kosa lilikuwa langu, ili wale wanaopenda kulisema kwa niaba yangu wapate kupumzika. Mimi Shamimu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ualimu hapa Nachingwea, ndiye niliyekaribia kuvunja harusi ya dada yangu Mwanne kwa bano moja. Bano, hili la kwenye maandishi, linalofanana na ukucha uliokatwa. Watu wamevunja harusi kwa mahari, kwa fitina, kwa bwana harusi kuonekana Masasi na mtu asiyeeleweka. Mimi nilitumia bano.

Mambo yalianza na mchezo wangu wa kila siku. Mwalimu Fidel anayetufundisha kompyuta, mtu wa Bukoba aliyepangiwa huku na mpaka leo analalamikia ndizi zetu, alituonyesha siku moja kwamba ukiiandikia kompyuta maelekezo, inakuchorea picha. Siyo wewe unayechora. Wewe unaiambia tu: weka duara hapa, sogeza kidogo, geuza rangi, rudia mara mia. Nilipoyaona yale maduara mia yanajipanga yenyewe niliishiwa maneno, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo la kawaida. Nikajiwekea nadhiri: kila siku picha moja mpya, siku mia moja mfululizo, kabla jua halijazama, niwe mgonjwa au mzima, umeme uwepo au usiwepo.

Hakuna aliyeniomba. Maksi hazikuwepo. Wenzangu wa bweni waliniuliza inanisaidia nini, nikawauliza kubadilisha rasta kila wiki kunawasaidia nini, tukaishia hapo. Siku ya tatu nilichora mvua inayonyesha kwenda juu. Siku ya kumi na tisa nilichora mikorosho inayoota upya kila ukibonyeza. Siku ya arobaini nilikuwa na homa, nikachora nukta moja nyekundu inayotetemeka, na hiyo najivunia kuliko zote. Nyumbani Mbekenyera walijua tu kwamba nafanya mambo ya kompyuta. Niliwahi kumwambia Mama Mkubwa kuwa siku hizi naandika kodi, jina la hayo maelekezo ya kompyuta. Akauliza taratibu kama na banda lake la maandazi limo. Tangu hapo nasema nachora.

Sasa kuna kitu lazima mkijue, maana ndicho kilicholeta balaa. Ukikosea katika maelekezo, kompyuta inakupa onyo, na onyo lenyewe linakuja kwa Kiingereza cha kibabe, utadhani umekamatwa. Mimi sipendi kusemeshwa hivyo. Kwa hiyo ndani ya programu zangu niliweka maonyo yangu mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, yatokee palepale kwenye picha ili niyaone. Nikiiambia igawanye kwa sifuri, inaandika: HAPO UNACHEZA. Isipoipata rangi niliyoitaja: ULIIWEKA WAPI. Na nikifungua mabano nikaacha kuyafunga, kosa ninalolifanya kila siku ya Mungu, inaandika: UMESAHAU KUFUNGA, RUDIA.

Na kosa hilo si la kichwa changu peke yake. Kompyuta ya mkononi ninayoazimwa na Mwalimu Fidel ina kitufe kimoja kilichokufa ganzi, nacho ni hicho hicho cha bano la kufunga. Usipokibonyeza kwa dole gumba na kwa nia, hakiandiki kitu.

Basi Mwanne akapata mchumba, Masoudi wa Matambarale, fundi pikipiki, kijana mpole ambaye akikusalimia anaangalia viatu vyako. Mama Mkubwa, ndiye kinara wa shughuli zote za ukoo, akanipigia simu.

"Shamimu, si unachora?"

"Nachora, mama."

"Basi tuchoree kanga za sare. Nimechoka kuvaa kanga ambazo Nachingwea nzima wamevaa."

Nilifurahi kuliko bibi harusi mwenyewe. Siku ya sabini na nne niliandika programu ya kanga: pindo la korosho, katikati mji wa maua ya ufuta, na chini mahali pa jina, yale maandishi ambayo bila hayo kanga ni shuka tu. Kila ukibonyeza, inakuja kanga nyingine. Nilibonyeza mara mia mbili mpaka nikaipata moja, rangi ya zambarau na chungwa, nikaipenda mpaka nikaona aibu. Ndani ya mabano nikaandika: HONGERA MWANNE NA MASOUD. Nikiwa karibu kuituma, Mama Mkubwa akapiga tena kuhimiza kwamba jina la bwana harusi lina I mwishoni, tusije tukaanza ukwe kwa kumkata mtu mkia. Nikafuta mwisho, nikaandika upya, nikabonyeza bano la kufunga. Nadhani nilibonyeza. Umeme ulikuwa unakatikakatika, nikahifadhi harakaharaka, nikamtumia Hemedy mwenye stationeri karibu na stendi, ambaye ana jamaa yake Dar mwenye mashine ya kuchapa vitambaa. Niliangalia picha kwenye simu. Rangi safi. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi, sikuhangaika nayo.

Hemedy aliyasoma. Nilipomkaba baadaye kwa nini hakusema kitu, alinijibu hivi: "Nilidhani ni fumbo, dada. Nikasema watu wa Mbekenyera safari hii wamekuja na kitu kizito."

Doti arobaini zilifika Mbekenyera Jumatano, harusi Jumamosi. Mama Mkubwa miwani huivaa kwenye picha tu. Alisifia rangi, akagawa ishirini kwetu palepale, na ishirini akazipakia kwenye bodaboda kwenda ukweni Matambarale. Kufikia alasiri kila mwanamke wa upande wetu alikuwa amejifunga kiunoni maneno haya: UMESAHAU KUFUNGA, RUDIA.

Mnajua wenyewe kanga. Hakuna anayeisoma akadhani inamsema mtu mwingine. Jirani yetu mmoja, ambaye Ramadhani iliyopita alionekana nyuma ya choo anatafuna muhogo, aliirudisha yake ikiwa imekunjwa vizuri na hakuaga. Mjomba Idd, mshambuliaji wa timu ya kijiji aliyekosa penati kwenye mechi na Kiegei, alitaka kujua nani aliyewapelekea wanawake habari hizo mpaka wakazichapisha kabisa, akasusa na chakula. Mama yangu mzazi alizunguka nyumba mara mbili kuangalia milango. Yote hayo yangeisha kwa kicheko. Lakini Alhamisi asubuhi akaja mshenga.

Mshenga wetu ni mtu wa maneno machache anayelipwa heshima ili awe na maneno mengi. Alikaa, akakataa chai, akasema: "Upande wa pili wanauliza. Nani amesahau kufunga?" Akainuka, akaondoka.

Simu ilinikuta darasani. Alikuwa Mwanne, na alikuwa analia.

"Shamimu, umeniandikia nini?"

"Nimekuandikia hongera, dada."

"Mama yake Masoudi amejifungia ndani tangu jana. Amesema Jumamosi haji. Na Masoudi amesema haoi kama mama yake hayupo. Wewe na michoro yako, Shamimu. Wewe na michoro yako."

Akakata. Akanitumia picha ya kanga, nikaikuza kwa vidole, nikayaona maneno yangu mwenyewe yananitazama. Niseme ukweli, nilijichukia. Dada huyu ndiye aliyelima vibarua vya watu ili mimi nivae sare ya sekondari. Siku tisini na sita nimejisifu kwa picha ambazo hakuna aliyeniomba, halafu ile moja niliyoombwa ndiyo hii.

Nikamfuata Mwalimu Fidel, nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaona uso wangu, akaacha. Akanipa kompyuta. "Betri inakaa dakika arobaini," akasema. "Usiiwashe mpaka ufike. Na mwambie huyo mama kwamba ni bano tu." Kama kwamba kuna mama wa bwana harusi duniani aliyewahi kutulizwa kwa neno bano.

Nikachukua gari la Ruangwa, pale nikapanda bodaboda mpaka Matambarale, kompyuta nimeikumbatia kifuani. Nyumbani kwa kina Masoudi nilimkuta baba yake, Mzee Harithi, amekaa barazani na bakuli la korosho za kubangua. Alikuwa ameshika korosho moja. Nadhani alikuwa ameishika muda mrefu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetengeneza kanga?"

"Ndiye mimi, baba. Nimekuja kuomba radhi."

Akaangalia mlangoni, akaangalia barabarani, akainama. "Nani aliwaambia, mwanangu?"

"Kutuambia nini, baba?"

Akairudisha ile korosho kwenye bakuli, akaninyooshea mkono niingie ndani. Nikaona huyu mzee ana hofu kuliko mimi, na mimi nilikuwa na hofu ya kutosha kaya mbili.

Bi Zulekha, mama yake Masoudi, alikuwa amekaa mkekani, kanga imekunjwa mbele yake, maandishi juu. Ni mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Sauti za juu nimezizoea nyumbani. Za chini zinanitisha.

"Karibu. Wewe ndiye mwandishi."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nitakuuliza mara moja tu. Ni yule wa barazani mwenyewe aliyewaambia, au ni kaka yangu?"

"Mama, sijaambiwa kitu na mtu. Hayo siyo maneno ya kanga. Ni kompyuta ilikuwa inanisema mimi."

Akanitazama vile mtu anavyomtazama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nikawasha kompyuta, nikamwonyesha. Nilimwambia kwamba maandishi ya kanga yanakaa katikati ya vitu hivi viwili: hiki kinafungua, hiki kinafunga. Kisipowekwa cha kufunga, kompyuta haijui maneno yanaishia wapi, basi inanigombeza, na mgombezi mwenyewe nimemwandika mimi, kwa mdomo wangu huu mbaya. Hapa, mama, ona, kipo cha kufungua. Cha kufunga hakipo.

"Kiweke," akasema.

"Kiweke wewe, mama. Hapa. Bonyeza kwa nguvu, kitufe hiki kina kiburi."

Akabonyeza, hakikuandika. Akabonyeza tena kwa dole gumba, akakaza na meno. Bano likaingia, na papo hapo chini ya maua ya ufuta yale maneno yakafutika, yakaja mengine: HONGERA MWANNE NA MASOUDI.

Aliyasoma kwa kidole, herufi moja moja, huku mimi nahesabu dakika za betri. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikatafuta la kusema. Alikuwa anacheka, lakini na machozi yalikuwepo.

"Kwa hiyo hamjui kitu," akasema.

"Hatujui, mama."

"Basi na mimi nimejifungia ndani siku mbili kwa siri ambayo hakuna anayeijua." Akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Sasa kaa. Umeshaharibu, utasikiliza."

Akanisimulia. Miaka thelathini iliyopita, siku ya ndoa yao, wanaume walikuwa wamekaa nje chini ya mikorosho, wanawake ndani. Shehe alisoma hotuba, akamshika mkono Harithi, akamwozesha Zulekha binti Twaha kwa mahari iliyotajwa. Likabaki neno moja la bwana harusi, nimekubali. Hapo hapo mtu aliyekuwa ameegemea tawi akashtua nyuki. Shehe alikimbilia jikoni. Mashahidi walikimbilia mtoni. Harithi alikimbia mpaka karibu na Ruangwa mjini, na aliporudi jioni uso umevimba, wanawake walikuwa wameshapiga vigelegele kwa kusikia zile kelele za nje, wakidhani ni furaha, na pilau lilikuwa limeshaliwa. Shehe alisafiri kesho yake, na hakukaa sana akafariki.

"Anasema alilisema," Bi Zulekha akaniambia. "Anasema alisema nimekubali akiwa anakimbia. Nani alisikia? Nyuki?"

Miaka thelathini alikuwa anamwambia mumewe waite shehe, walirudie, hata kimyakimya. Na miaka thelathini mumewe alikuwa anasema tutafanya, baada ya mavuno, baada ya kupulizia mikorosho salfa, baada ya huyu mtoto kumaliza shule. Aliona aibu. Watu watacheka.

"Halafu jana naletewa kanga," akasema. "Naikunjua mbele ya mawifi zangu wote. Umesahau kufunga, rudia. Maneno yangu yale yale, mwanangu, ninayomwambia chumbani. Nikasema huyu mwanamume amenitangaza kwa wakwe kabla hata mtoto hajaoa."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwambia nitachapisha upya, nitazungumza na Hemedy, nitalala kwenye mashine ikibidi. Hakunisikiliza. Alikuwa anaitazama ile skrini. Akanyoosha kidole, akaniuliza kufuta ni wapi, nikamwonyesha. Akalifuta bano. Maneno yangu ya ugomvi yakarudi.

"Hii ndiyo ya kweli," akasema. Akaita bila kupandisha sauti. "Baba Masoudi. Njoo usome."

Mzee Harithi akaja, akasimama mlangoni, akasoma. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Mtoto huyu hajui chochote," Bi Zulekha akamwambia. "Ameandikiwa na kompyuta yake. Hata kompyuta imechoka na wewe. Mimi Jumamosi siendi kukaa mbele za watu kama mama wa bwana harusi, nishuhudie ndoa ya mwanangu ikifungwa, na yangu iko wazi. Kesho ni Ijumaa. Shehe yupo, kaka yangu, walii wangu, ninamwita sasa hivi. Ukitaka mwanao aoe, anza wewe."

"Watu watacheka, Mama Masoudi."

"Na wacheke. Sare tunayo tayari."

Kompyuta ikazimika hapo, betri imekwisha. Ile kanga ilikuwa picha yangu ya siku ya tisini na saba, na sikubishana na mtu kama ni mpya au si mpya.

Habari ilifika Mbekenyera kabla yangu. Mwanne alipoisikia alicheka kwenye simu mpaka akapaliwa, akaniita mjinga kwa sauti ile ya zamani, ya tulipokuwa tunalala kitanda kimoja, nikajua nimesamehewa. Mama Mkubwa alidai alijua tangu mwanzo kwamba kanga ile ina baraka.

Ijumaa baada ya swala, ua wa Mzee Harithi ulijaa. Shehe wa sasa, kijana kuliko bwana harusi wa siku hiyo kwa miaka ishirini, alieleza kwa upole kwamba watu walioishi kwa nia njema hivyo hawana lawama, na kurudia hakumdhuru mtu. Wanaume walikaa nje kwenye mikeka, mbali kabisa na mikorosho. Wanawake tulikuwa ndani, arobaini, upande wetu na upande wao, sote tumejifunga zambarau na chungwa, sote tumeandikwa neno lile lile kwa nyuma. Hata jirani wa muhogo alikuwa ameifuata tena kanga yake. Mimi nilikaa dirishani na kompyuta ya Mwalimu Fidel magotini, kwa sababu ilikuwa siku ya tisini na nane na jua halingoji harusi. Nilikuwa nachora nyuki: nukta nyingi zinatawanyika huku na huku, na nukta mbili katikati hazikimbii.

Bi Zulekha alikaa ubavuni kwangu, ameshika kiwiko changu. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mama wa watu wazima, ameniganda kama mwari. Nje tukasikia shehe anasoma, kisha kaka yake anaozesha, anamtaja, Zulekha binti Twaha. Nilichungulia. Mzee Harithi alikuwa ametazama juu kwenye miti kwanza.

"Nimekubali," akasema. Kwa sauti ya kuomba chumvi.

Wanawake wakavuta pumzi wapige vigelegele. Bi Zulekha akainua mkono, wakanyamaza.

"Sijasikia," akasema dirishani.

Shehe akageuka. "Mama, mashahidi wamesikia."

"Mashahidi hawakungoja miaka thelathini. Arudie."

Kila mtu pale nje alimtazama mzee. Nilimwonea huruma, wallahi, masikio yalikuwa yamemwiva. Kisha akafanya kitu ambacho sidhani kama alikipanga. Alisimama, akaivua kichwani kofia yake ya msikitini, akaishika kwa mikono miwili, akageukia dirisha letu na kusema kwa pumzi zake zote, mpaka mbuzi wa jirani wakaitikia: "Nimekubali kumwoa Zulekha binti Twaha. Nilikubali siku ile pia. Nilikuwa nakimbia, lakini nilikubali."

Vigelegele vilivyopigwa sijavisikia tena popote. Bi Zulekha hakupiga. Alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta, na bado ameshika kiwiko changu. Alipokiachia, aliitazama skrini, nyuki wamekwama wote hewani, na juu yao maneno ya herufi kubwa. Nilikuwa nimesahau tena.

"Haya," akaniambia, akijifunga kanga vizuri. "Na wewe funga hilo bano lako. Kesho tuna harusi."

Nikalibonyeza kwa dole gumba, kwa nia.